Kwa Bibi Luciana, Mwenye Maboga Juu ya Tembe

Mwaka umezunguka, Bibi yetu, tangu asubuhi ile ya kupeta uwele ulipoweka ungo chini, ukasema unajinyoosha mgongo kidogo, na hukuinuka tena. Sisi wajukuu wako tunakuandikia, na wasomao nao wasikie. Hatukuandikii kwa kulia tu. Kulia tulilia mwaka jana mpaka sauti zikakauka. Leo tuna habari, Bibi, nayo inatuwasha mdomoni. Ila wewe hukupenda habari inayoanzia mkiani, basi tuanze kichwani.

Kwanza wasomao wakujue. Wewe ni Luciana, mke wa Simeoni, wa huku Iramba, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Kiomboi. Ulizaliwa Mjerumani akitawala, ukaolewa Mwingereza akiwa ndiyo kwanza anaingia, na ulisema wote ni wageni, tofauti yao kofia. Ulitembea mkono mmoja kiunoni, mwingine na mwiko, hata ukienda kisimani. Uligombeza kuku kwanza, watu baadaye.

Mwaka wa njaa, wakati wa vita vya Hitla, ulifungua kihenge chako ukawapimia majirani kwa kibuyu kilekile ulichotupimia sisi wa nyumbani. Wapo watu wazima leo wenye ng'ombe wao ambao walivuka mwaka ule kwa uji wako. Hukuwakumbusha hata siku moja. Ulikuwa ukiwaona njiani, unawauliza tu kama wameoga.

Na yule karani wa kodi, je? Alikuja na tarishi wake kumsaka jirani yetu Alute, amefura, kelele zake zinasikika tangu mtoni. Ukamwekea ugali wa uwele na mlenda. Mtu mwenye mlenda kidevuni hawezi kufoka, Bibi, ulilijua hilo. Alikula, akaongezwa, akanawa, akashukuru, na Alute huku alikwisha kuvuka korongo zamani. Tunathubutu kuyasema haya kwa kuwa karani huyo amehamishwa.

Lakini wa kugombana naye hasa alikuwa mmoja, mumeo, babu yetu. Kisa chenu kilikuwa paa. Kila mwaka ulipanda maboga ukutani, na kila mwaka mashina yake yalipanda juu ya tembe letu, nyumba ya paa bapa la udongo, yakatandaza majani, na sisi watoto tukapanda kuyachuma. Mvua zikija, paa linavuja, tena linavuja palepale juu ya kitanda cha Babu. Yeye alisema ni maboga yako na miguu ya wajukuu wako iliyopasua udongo. Wewe ulisema ni yeye aliyeshindilia udongo kivivu siku ya kujenga. Tangu baba zetu hawajazaliwa mnabishana hayo hayo, na hakuna aliyewahi kukubali kushindwa. Wageni walidhani mnachukiana. Maskini wageni, hawakujua kwamba hakuna kati yenu aliyewahi kula kabla mwenzake hajafika.

Sasa tuje kwa Yunisi, mjukuu wako, binti wa mwanao mkubwa Melkiori. Huyu ndiye uliyelala naye kitanda kimoja tangu anaachishwa ziwa. Ulimwita mke mwenzako, na Babu akamwita mke wangu mdogo, kama desturi ya wajukuu na mababu inavyotaka. Sasa anajifunza uuguzi Kiomboi, anavaa gauni jeupe, lakini sauti yako anayo kooni. Tulikuwa tukimwomba akuige, tunacheka mpaka tunalala chini, na wewe mwenyewe ulikuwa ukisikiliza jikoni na kujifanya husikii.

Unajua desturi yetu. Siku ya kuanua tanga, mjukuu huvaa nguo ya marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, ili waliobaki wacheke na nyumba ipumue. Mwaka jana zamu ilikuwa ya Yunisi, hapakuwa na ubishi. Akaletewa kaniki yako. Akaishika, akainusa, akakimbilia nyuma ya kihenge, na hakutoka mpaka watu wametawanyika. Hakuna mwingine aliyethubutu kumpokea. Hatukumlaumu, na hatumlaumu leo. Tanga likaanuliwa kimya, na kimya kile kikahamia kwa Babu.

Bibi, mumeo alizima. Akawa anaamka kwa kuwa jua limeamka, anakaa chumbani, akiletewa chakula anamega tonge mbili anasema ameshiba. Zizini haendi. Ugoro aliacha, na hilo ndilo lililotutisha. Shangazi Sara alimchinjia mbuzi, akanywa kijiko cha mchuzi. Yunisi alimleta mganga wa hospitali hadi nyumbani, mganga akampima kila mahali, akasema mwili hauna kitu. Mvua zikaja, paa likavuja juu ya kitanda chake, likamlowesha blanketi. Hakusonya, hakulaani. Alisogea pembeni tu akalala palipobaki. Siku hiyo mwanao Melkiori alitoka nje akalia, maana alitegemea asikie habari ya maboga.

Na mtu akimsihi sana, Babu alijibu neno moja tu, kwamba Luciana ananisubiri, niacheni niende. Kwa hiyo tulipokaribia siku yako hii, kila mmoja wetu alijua tunaandaa kumbukumbu moja na huenda mazishi mengine.

Siku ikafika. Watu wamejaa uwanjani, vyungu vimeinjikwa, mwinjilisti Paskali ameketi na Biblia yake. Babu akatuma neno kwamba hatatoka, tusali bila yeye. Yunisi alikuwa ameingia asubuhi hiyo kutoka Kiomboi, mavumbi bado miguuni. Alikwenda kumwamkia, akapata marahaba na mgongo. Akamwona Shangazi Sara anatoka na sahani haijaguswa. Bibi, tunaambiwa na mwenyewe kwamba alipoiona sahani ile alishikwa na hasira, hasira yako kabisa, ile inayoanzia miguuni.

Akaingia jikoni. Akaitungua ile kaniki yako kwenye kigingi, akajifunga juu ya gauni lake. Akachukua mwiko. Baba yake, Melkiori, alimwona mlangoni akajua anachotaka kufanya, akamshika mkono.

"Yunisi, utamuua baba yangu."

"Baba, anakufa hivi hivi," akasema, akautoa mkono wake taratibu.

Akatoka. Mkono kiunoni, Bibi, mwiko mkononi. Akaanza na kuku, maana wewe ulianza na kuku, akawauliza wametaga wapi na wanaona raha gani kumlia mtu mtama wake. Akafika kwa mwinjilisti, akamtazama kichwani hadi miguuni, akamwuliza kama ameoga. Hapo mtu mmoja upande wa wanawake akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa kanga, na Paskali mwenyewe mabega yakaanza kumtikisika. Lakini Yunisi hakutazama mtu. Alikuwa anakwenda mlangoni kwa Babu.

"Baba Melkiori," akamwita Babu kwa sauti yako, kwa jina ulilomwita wewe. "Jua limefika utosini nawe umelala, na paa linavuja. Siku ile unashindilia udongo ulikuwa unawaza pombe ya nani? Maboga yangu yana kosa gani?"

Tukasikia chungu kinachemka. Yunisi alisimama pale, na miguu yake ilimwambia akimbie nyuma ya kihenge kama mwaka jana. Alituambia baadaye kwamba aliona kaburi la pili, akaona ni yeye aliyelichimba. Melkiori alikuwa ameinamisha uso.

Hakukimbia. Akapiga mwiko kwenye kizingiti, akahamia Kinyiramba, kama ulivyokuwa ukifanya hasira ikikolea, akasema mtu asiyeweza kulitetea paa lake mwenyewe akubali basi mbele ya watu hawa wote kwamba ameshindwa na mkewe.

Ndani pakakohoa mtu.

"Sijashindwa."

Bibi, kama ungekuwepo. Kitanda kikalia, fimbo ikagonga ukuta, tukasikia miguu inaburuzwa. Akatokea mlangoni, mwembamba, amekonda hadi shuka inamzunguka mara mbili, ameshikilia mwimo, jua linamchoma macho. Lakini alikuwa amekunja uso, na sura ile tulikuwa hatujaiona mwaka mzima.

"Paa nililishindilia kwa miguu yangu hii, siku nzima," akasema, akinyoosha fimbo juu. "Ni maboga yako, mwanamke. Maboga yako na hawa tumbili uliowaruhusu kupanda."

Tumbili ni sisi, na hatujawahi kutukanwa tukafurahi namna hiyo. Vigelegele vilipanda. Watu walicheka wakalia, wakalia wakacheka, Alute akakaa chini kabisa na kujishika mbavu. Yunisi peke yake hakucheka. Alisimama na mwiko wake, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, hana sauti tena, si yako wala yake.

Babu akamsogelea. Alijua vizuri sana ni nani aliye ndani ya kaniki ile. Akamwekea mkono kichwani.

"Mke wangu mdogo," akasema, "hapo umekosea. Mwenzako hakuwa akilia akigomba. Haya, niletee chakula, siwezi kubishana nikiwa na njaa."

Akala, Bibi. Alikula ugali wa uwele, mlenda, na paja la kuku, ndugu wa wale waliogombezwa. Akaomba kuongezwa. Shangazi Sara alikuwa anamtazama kila tonge kama mtu anayehesabu ndama wanaoingia zizini, mpaka Babu akamwuliza hajawahi kuona mtu mzima akila. Baada ya sala alidai ugoro, akapiga chafya, na watu waliokuwa wakiondoka wakarudi kumsikiliza akieleza, kuanzia mwanzo kabisa, jinsi tembe linavyojengwa na mtu asiye mvivu.

Hayo yametokea, na tangu siku hiyo ameshakwenda zizini, ameshagombana na Alute, na ameagiza udongo wa paa uletwe kabla ya mvua. Anatembea polepole. Usiku bado tunamsikia akikuita, na hatumkatazi. Sisi pia tunakuita. Hata kesho mwiko ukidondoka jikoni tutageuka kutazama kama ni wewe.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni wanao Melkiori na Sara, wakwe zako, wajukuu zako wote na Yunisi mke mwenzako, majirani uliowalisha, na mumeo Simeoni. Yeye amesikia tunaandika, ametuita, na ameamuru maneno yake yawekwe kama alivyoyasema, tusiongeze wala tusipunguze: "Mama Melkiori, ulale salama. Wewe tangulia kula. Mimi siji bado."

Nasi, Bibi Luciana, siku zote tupo nawe moyoni, vizazi na vizazi.