Lori Lililokuwa Linatoa Moshi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Ulakhan-Tala, tarehe 18 Januari, saa 5:00 asubuhi
Jina: Prokopi Gotovtsev. Umri: miaka 61. Kazi: dereva wa lori. Makazi: hapahapa Ulakhan-Tala, naishi peke yangu.

Marehemu Ayaal Sleptsov, miaka 33, nilimfahamu vizuri. Alikuwa utingo wangu miaka minne kabla ya kupata lori lake. Kuendesha juu ya mto ulioganda nilimfundisha mimi.

Madereva wa njia ile ya barafu hatuzimi injini majira yote ya baridi. Ukizima, inaganda, imekufa. Kwa hiyo ukikuta lori limesimama na halitoi moshi, lazima usimame, hata kama mwenyewe ni adui yako. Likitoa moshi, mwenyewe amelala. Unapiga honi unapita. Mimi nilikuwa na tabia ya kusimama hata penye moshi na kugonga kioo. Nasema ukweli: njiani napitisha siku tatu sijasikia sauti ya mtu, na nyumbani ni hivyohivyo.

Mnamo tarehe 14 Januari, kwenye kibanda cha chai cha mama Matryona, Ayaal aliniambia mbele ya wenzetu, "Mzee, we vipi? Ukiona moshi unapanda, ujue mimi mzima. Unanigongea kioo kama mke mwenye wivu!" Watu wakacheka. Mama Matryona akasema, "Mwacheni mzee wa watu, ana upweke." Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikamjibu Ayaal, "Haya, lala mpaka uoze. Sikugongei tena."

Mnamo tarehe 17 Januari, saa 4:40 asubuhi, baridi ikiwa nyuzi hamsini na mbili chini ya sifuri, nilikuwa napeleka makaa ya mawe kijiji cha chini. Kwenye kona ya mto nililikuta lori la Ayaal limesimama. Moshi ulikuwa unapanda. Nilipiga honi mara mbili. Huwa anajibu kwa taa, hakujibu. Nikasema, "Lala basi, mfalme," nikapita. Nilikuwa bado nimenuna.

Nilirudi saa 8:15 mchana. Lori lilikuwa palepale, na moshi palepale. Nilipita, kisha nikasimama mbele kama mita mia mbili. Nilikaa dakika kumi hivi naona aibu kurudi. Ofisa ameniuliza aibu ya nini. Ya kuchekwa tena.

Nikarudi kwa miguu. Kwenye usukani hapakuwa na mtu. Nilizunguka upande wa pili, ule usioonekana kutoka njiani. Alikuwa anabadilisha gurudumu, jeki ikateleza kwenye barafu, lori likamlalia miguu. Alikuwa ameshafariki. Mkononi alikuwa na spana, na rimu ilikuwa na alama nyingi za kugongwa. Asubuhi injini mbili zilikuwa zinanguruma, mimi nisingesikia. Yeye honi aliisikia. Mtu hagongi chuma kiasi kile kama hajui kuna mtu karibu.

Nilimtoa kwa jeki yangu, ubao chini ya jeki isiteleze, kama nilivyomfundisha. Glavu nilivua, ndiyo maana vidole vimeliwa na baridi hivi. Nilimweka kwenye kiti cha utingo nikamleta. Njia nzima nilikuwa namsemesha.

Injini yake sikuizima. Atakayekwenda kulichukua lori aizime yeye. Mimi siwezi.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ndiyo hayo, sina la kuficha.

Sahihi: P. Gotovtsev (kwa mkono wa kushoto)

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya akakubali kuwa ni sahihi. Vidole vya mkono wa kulia vimefungwa bendeji. Alitoka ofisini saa 6:30 mchana. Saa 7:20 lori lake lilikuwa bado uani, linatoa moshi. Nilitoka nikagonga kioo. Nikagonga tena, mpaka akafungua.
Sajini Varvara Vinokurova