Baba Wawili katika Dosie Moja

Kamembe, Rusizi
6 Julai 2024

Mpendwa Shangazi Micheline,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na mume wako Hugues, pamoja na Shimwa wenu ambaye naambiwa sasa anakupita kwa urefu. Mgongo unaendeleaje? Katika simu ya mwisho ulisema kazi ya kupiga deki pale kwenye makumbusho inakuumiza, hasa siku za wageni wengi. Tafadhali usijikaze tu, mwone daktari.

Sisi tu wazima. Koko, mama yako, anakohoa kidogo kwa vumbi la kiangazi, lakini Jumapili bado anakuwa tayari kwa misa kabla yetu sote. Maman Drocella anauza maharage sokoni. Parfait sauti imekuwa nzito ghafla, na Elikia ameng'oka jino la mbele. Papa Muderhwa yuko nyuma ya nyumba na mabati yake, anatengeneza mbabula, majiko ya makaa, kama kawaida.

Asante kwa vijitabu vitatu ulivyotutumia, vile vya historia ya mwanzo ya Amerika ambavyo wazazi husoma pamoja na watoto. Kila Jumapili baada ya misa navifasiri kwa Kiswahili, na Papa anakaa mbele kabisa kama mwanafunzi, akiamini tutaulizwa hayo kwenye mahojiano. Nimemweleza mara nyingi kwamba maswali ya namna hiyo huulizwa watu wanaoomba uraia, miaka mingi baada ya kufika. Hasikii. Anasema hajaona mtu aliyefukuzwa kwa kujua mengi.

Katika kijitabu cha uvumbuzi kuna mchoro wa jiko la chuma alilobuni Benjamin Franklin ili nyumba zipate joto kwa kuni chache. Papa aliutazama sana, akafuata njia ya moshi kwa kidole. "Moshi unashuka kwanza, njo unapanda? Huyu mzee hakuuliza fundi." Hata hivyo alikata pipa, akalitengeneza kama lilivyochorwa. Siku ya kuliwasha moshi ulijaa ua mzima, majirani wakaja mbio na ndoo za maji, na Koko akatoka akipangusa macho: "Muderhwa, unataka tufike Amerika kama samaki ya kukausha?" Papa ndiye aliyecheka kuliko wote. Baadaye nilisoma kwamba jiko lenyewe kweli lilisumbua mpaka wengine wakalirekebisha, na kwamba mzee huyo alikataa hati ya kulimiliki peke yake, ili yeyote aweze kulitengeneza. Papa alifurahi sana kusikia hilo. Alisema huyo wangeelewana.

Jumapili iliyofuata tulifika kwenye Tangazo la Uhuru. Watu wote wameumbwa sawa, nao wana haki ambazo hakuna awezaye kuwanyang'anya: uhai, uhuru, na kutafuta furaha. Nilifasiri polepole, neno kwa neno. Koko akauliza: "Kama haiwezi kunyang'anywa, mbona tunaingojea ku karatasi?" Nilipomwambia kwamba aliyeandika maneno hayo alimiliki watumwa kwa mamia, alisema, "Kumbe naye alikuwa na bantu mu nyumba bale hakuandika." Neno hilo, la watu wa nyumbani wasioandikwa, sijalisahau, na utaona kwa nini.

Shangazi, sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie badala ya kupiga simu. Nyumba yetu ni ndogo, na simu husikiwa na wote.

Unajua dosie yetu ya kuhamia huko kwenu Amerika imesimama. Papa hakukuambia sababu, kwa hiyo nakuambia mimi. Ulipohojiwa wewe, miaka ile, walikuomba utaje ndugu zako wote na watoto wao. Ukataja kaka yako Bahizire, aliyezama ziwani pamoja na mke wake, na mtoto mmoja waliyemwacha, Eugénie. Ulisema kweli. Tulipovuka mpaka mwaka 2015, Papa Muderhwa naye aliulizwa ana watoto wangapi. Akasema watatu, wa kwanza Eugénie. Naye alisema kweli, kama tunavyoijua nyumbani, kwamba mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako na hakuna wa kuuliza zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilisimama karibu naye, na mkono wake ulikuwa begani mwangu alipokuwa akinitaja.

Sasa karatasi hizo mbili zimekutana mezani, na ofisi inaona uongo. Wametuita Kigali Alhamisi ijayo, tarehe kumi na moja. Kila mmoja ataingia peke yake. Jambo lisiposahihishwa siku hiyo, dosie ya wote itafungwa.

Maman Drocella alijaribu kumshauri Papa aseme tu kwamba alinilea. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amekasirika hivyo. "Nimukane mutoto mbele ya bantu? Bahizire aniangalie vipi kule aliko?" Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu. Kila jioni, kabla ya chakula, anatuuliza maswali kwa zamu. Makoloni ya kwanza yalikuwa mangapi? Kumi na matatu. Nani alikuwa rais wa kwanza? Elikia anajibu kwa kelele. Kisha ananigeukia mimi, sauti yake inashuka: "Na baba yako ni nani?" Najibu, "Ni weye, Papa." Halafu tunakula.

Mimi simezi kitu. Kama angekuwa ananionea ningejua la kufanya. Ningekimbia au ningegombana naye. Lakini kinachonifunga ni upendo wake, na upendo huo sasa unatufunga sote sita. Parfait ana miaka kumi na minne, umri niliokuwa nao mimi tulipoanza kungoja. Namtazama akikaa mlangoni bila kazi, naona miaka yangu tisa ikianza upya ndani yake.

Nimengoja vya kutosha kujua ladha yake. Nilikataa nafasi ya kufundisha shule ya Gashonga kwa sababu tuliambiwa tungeitwa wakati wowote. Vénuste, yule mwalimu wa Mibirizi niliyekutajia, alitaka kuja kwa wazazi. Nikamwomba asubiri, kwa kuwa ndoa ingenitoa kwenye dosie. Alisubiri miaka miwili, mwaka jana akaoa. Sikumlaumu. Asubuhi nikichota maji naziona nyumba za Bukavu ng'ambo, karibu kiasi kwamba naona mabati yaking'aa. Kule siwezi kurudi, kwenu siwezi kufika, na hapa sijawahi kuanza kuishi.

Jumatano Koko aliniita nimsaidie kuchambua maharage. Hakuniangalia. Alisema kwa upole: "Kila jioni muko munataja baba mumoja. Na Bahizire, ule nani alimuzaa? Si miye?" Mikono yangu ilisimama. Miaka tisa nilidhani nikilitamka jina hilo ofisini nitakuwa nimemkana Muderhwa. Sikuwahi kufikiri kwamba kwa kulificha nilikuwa namzika mtoto wa Koko mara ya pili, na safari hii mbele yake.

Kwa hiyo Alhamisi nitasema. Baba aliyenizaa ni Bahizire. Aliyenilea ni Muderhwa, naye hakudanganya, ila alijibu kama mtu wa kwetu. Nitaomba waniondoe kwenye dosie yao na kunifungulia yangu, ili yao isifungwe hata kama Papa hatabadili neno lake. Najua maana yake. Dosie ya mtu mmoja inaweza kukaa miaka, au isijibiwe kamwe. Koko ana miaka themanini na moja. Akipanda ndege ile, sidhani kama nitamwona tena. Nimeyapima hayo yote, na sijabadilika.

Nakuomba mambo mawili. Wakikupigia kuthibitisha, sema kama ulivyosema mwanzo, bila kujilaumu. Hukutuharibia chochote. La pili, Papa atakupigia simu Alhamisi hiyohiyo, na atakuwa analia au anafoka. Usinitetee. Mwache amalize, kisha muulize watoto wanavaa viatu namba ngapi, kwa sababu kwenu kuna baridi na mtu lazima anunue mapema.

Msalimie sana Hugues, na Shimwa umbusu kwa niaba yangu. Maman Drocella anakusalimu. Koko anasema ujifunike vizuri na usisahau rozari. Mungu aliyewavusha ninyi awavushe na hawa, akae na kila atakayebaki, na mgongo wako aupe nguvu.

Anayekupenda siku zote,
mtoto wa kaka zako wote wawili,

Eugénie