Kikao cha Kusimama

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo tumefundishwa ajaili, mtindo mpya wa kutengeneza programu. Mwalimu ni Abdulshakur, mkuu wetu mpya hapa ofisini Kalangalala, katokea Mwanza. Hatutajenga tena programu nzima kwa miezi ndipo tuitoe. Tutajenga kipande, tumwonyeshe mtumiaji kila baada ya wiki mbili, turekebishe, tuendelee. Haba na haba. Kazi zote zipo kwenye vikaratasi ubaoni, kila mtu anachukua chake. Na kila asubuhi kikao — kwa kusimama, ili tusipige soga. Mambo matatu tu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakukwamisha.

Kwenye la tatu wote tulisema hakuna. Mimi wa kwanza. Bado niko kwenye miezi ya majaribio kazini, nani aanze na kulalamika.

Alhamisi, 5 Juni

Violeth kapiga simu kutoka nyumbani Didia. Mdogo wangu huyu ndiye anayekaa na mama. Habari za huko? Nzuri. Mama? Salama, ila miguu imevimba kidogo. Ndivyo tulivyolelewa: hata penye msiba unajibu nzuri kwanza, baya linakuja nyuma ya "ila". Nikauliza, nije? Akasema mama kakataa, nisiache kazi.

Asubuhi kikaoni nilisema tena hakuna. Roho haijatulia.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya kumwonyesha mtumiaji. Kaja Mwigulu, broka wa dhahabu — programu yetu ya bei ni kwa watu kama yeye. Kabonyeza, kakunja uso. Vitufe vyote hivi vya nini? Yeye anataka bei ya leo tu, aione hata akiwa juu ya pikipiki. Wiki mbili za kazi yangu! Abdulshakur anafurahi, eti afadhali tumejua sasa kuliko Desemba. Sawa, lakini inauma.

Baadaye tukakaa kujitathmini. Akauliza mbona mzunguko mzima wa wiki mbili hakuna aliyekwama hata siku moja. Ama sisi ni malaika, ama tunamficha. Zamoyoni, jirani yangu wa meza, akacheka. Mimi nikaangalia sakafu. Mama hapokei simu tangu jana.

Jumatatu, 16 Juni

Violeth kapiga alfajiri. Mama anakosa pumzi, analala amekaa. Safari hii hakuanza na salama.

Nikaenda kazini hivyohivyo, mjinga mimi. Zamu yangu ikafika. Nikasema ya jana, nikasema ya leo. Nikasema hakuna, ila — nikashindwa. Nimelia mbele ya wote. Zamoyoni akabandua karatasi yangu, akaibandika upande wake wa ubao. Nenda dada, hii naimalizia mimi. Abdulshakur akasema pole, akarudia pole. Akasema alitakiwa aniulize pembeni, si mbele ya watu.

Niko kwenye basi la Kahama, njia ya kwenda Didia. Mwandiko unaruka.

Jumanne, 17 Juni

Didia. Mama kakonda mwili mzima, isipokuwa miguu. Jana nilipomwamkia, aliitikia marahaba kwa shida, halafu akamgeukia Violeth: nani kamwambia? Ndipo nikajua. Yuko hivi tangu Aprili. Alimkataza Violeth asiniambie yote — mtoto kapata kazi ya mezani, aachwe. Nimemkasirikia sana. Na nampenda, na sijui nianze na lipi.

Zahanati wamesema apelekwe Shinyanga mjini, gari linakuja. Violeth anakunja kanga za kuondoka nazo. Mama akaniuliza kazi inaendaje. Nzuri ilishafika mdomoni, nikaimeza. Nikamwambia: naogopa, mayu.

Akanitazama. Akasema na yeye anaogopa, usiku ndiyo zaidi. Sijawahi kumsikia akisema hivyo, hata baba alipofariki.

Kanishika mkono wa kushoto, haachii. Nimemuuliza wapi panauma zaidi. Ananiambia, polepole, na mimi namsikiliza. Gari bado.