Renae, Ngano Ile Haikupauka kwa Baridi

Mwaka umezunguka, Renae, tangu Jumamosi ile ya Aprili ulipotutoka, na mwaka mzima neno moja limemfuata mama yako kama inzi. Amelisikia dukani, kwa msusi, na kanisani watu wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi: "Semina za wanawake ndizo zilizomuua Renae. Alichezea moto asioujua." Wakimwona mama yako wanakatisha, wanamshika bega. Naye hunyamaza. Leo hanyamazi. Shule yake iliishia darasa la nane, kwa hiyo ataandika kama anavyosema.

Baba yako Harlan alipofariki, shamba lilibaki kwa mama yako, na jirani yetu Dwight akaendelea kulikodi na kulilima. Miaka tisa mama yako hakumwuliza Dwight swali hata moja. Angeuliza nini? Wewe ndiye uliyemshika mkono ukampeleka kwenye mkutano wa wanawake wenye mashamba, ukumbi wa chini ya kanisa, wanawake kumi na wanne na keki ya tufaha. Kila mmoja alieleza ardhi ilimfikiaje. Mama yako akasema, "Mimi si mkulima. Mimi ni mke wa mkulima."

Ukacheka. "Mama, mume hayupo, ardhi ipo. Sasa wewe ni nani?"

Tunakumbuka ulivyozika chupi mbili za pamba za baba yako, moja kwenye shamba la mahindi, moja kwenye mbuga, kile kipande chetu cha nyasi na maua kisicholimwa. Ndivyo mlivyofundishwa: udongo ulio hai huila pamba, udongo uliochoka huiacha. Dwight alisimamisha trekta.

"Mama Arlys, huyu binti yako anapanda nini leo?"

"Anapanda chupi," ukamjibu mwenyewe. "Njoo mwezi wa nane tuvune."

Mwezi wa nane ile ya upande wa Dwight ilitoka nzima, angeweza kuivaa Jumapili. Ile ya mbugani ulibaki mpira wa kiunoni tu. Ukazianika zote mbili kwenye kamba mbele ya nyumba, mchungaji akapita, na mama yako akatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini Dwight alizitazama muda mrefu. Vuli ile alikubali kupanda ngano ya kufunika udongo, ngano isiyovunwa, kazi yake kuushika udongo usiondoke na mvua.

Mbuga yetu ni ekari sita, kipande ambacho babu yako hakuwahi kukitia jembe. Uliyajua maua yake kwa majina, ukayaandika nyuma ya bahasha na kuzibandika kwenye friji. Bado zipo.

Mbuga kama ile huchomwa masika, kila baada ya miaka michache, la sivyo miti inaimeza. Watu wetu wasikie vizuri: hukuwa unachezea. Ulikuwa umechoma mara nne kwenye mashamba ya wenzako kabla ya kwetu. Ulikuwa na kibali. Zimamoto waliarifiwa. Ulingoja upepo wa kusini, unaosukuma moto kaskazini, na huko kaskazini, kati ya mbuga na nyumba ya mama yako, ulikuwa na ukuta wako: ile ngano. Ngano mbichi haishiki moto. Ulimwomba Dwight asiipulizie dawa ya kuiua hadi mwezi wa tano.

Siku tisa kabla, simu ililia jikoni.

"Mama Arlys, mvua inakuja wiki ijayo. Nataka niipulizie ngano dawa kesho, niwahi kupanda soya. Ila Renae alisema nisubiri."

"We puliza tu, mwanangu. Shamba unalijua wewe."

"Utamwambia Renae?"

"Nitamwambia."

Jumamosi ulifika kutoka mjini na rafiki yako Nadine na wenzenu wawili wa ule mkutano, mmebeba maji ya kuzimia moto mgongoni. Ulisimama mlangoni na viatu vyako vya shambani ili usichafue sakafu. Ukauliza, "Mama, mbona ngano imepauka? Dwight amepuliza?"

Mama yako akasema, "Hapana. Ni baridi ya juzi."

Ukaitazama tena kwa mbali. Ilikuwa bado na ukijani. "Haya. Wewe umeona Aprili nyingi kuliko mimi."

Aliyesema ni baridi ni mimi, Renae. Mimi ninayeandika hapa. Nilijua. Nilikuwa nimeisahau ile simu siku zote tisa, na ulipouliza nikaikumbuka yote, na badala ya kusema kweli nikaona utampigia Dwight, mtagombana, mtanigombeza na mimi, na viazi vilikuwa tayari jikoni. Nilitaka tule chakula cha mchana kwa amani. Nilikuwa nimepanga sahani tano.

Ungejua, ungeahirisha. Au ungefyeka mkanda wa kuzuia moto ukaulowesha. Nadine ameniambia hivyo.

Moto uliingia kwenye ngano kama ulioalikwa, na chini ya ngano kulikuwa na mabua makavu ya mahindi ya mwaka uliopita. Nadine alikuita, "Renae, toka! Toka!" Wewe ukazunguka kwenda mbele ya moto, kwa sababu mbele yake ilikuwa nyumba, na ndani ya nyumba nilikuwa mimi, naponda viazi, dirisha nimelipa mgongo. Moshi ukakuzidi. Zimamoto waliuzima ukingoni mwa bustani yangu ya maua. Waliponiita nje nilikuwa bado nimeshika mwiko. Sikumbuki nani aliuchukua.

Dwight alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lako. Alilibeba akidhani ulijua kwamba amepuliza. Ndiyo maana naye aliitikia kwa kichwa watu waliposema hukuwa makini.

Wiki iliyopita Nadine alikuja. Alisema mkutano wenu umebaki na wanawake watatu, wengine waume na wana wao wamewakataza. Akaniuliza taratibu, "Mama Arlys, Renae aliiangalia ile ngano kweli?"

Nikasema, "Aliiangalia. Akaniuliza. Nikamdanganya."

Alisukuma kikombe chake cha kahawa pembeni. Nilidhani ataondoka. Akasema, "Liandike, Mama. Liandike gazetini, wanakoandika mambo ya marehemu, wote walisome."

Kaka yako Curtis alikuwa amekwisha kumwambia Dwight ailime mbuga masika haya, kwamba imetuulia mtu. Nimewaita wote wawili mezani, nikawaambia haya yote, na nikawaambia mbuga hailimwi. Dwight alilia. Curtis hajanipigia simu tangu siku hiyo. Atapiga au hatapiga, mbuga hailimwi.

Unakumbukwa na mama yako Arlys Tjaden, binti yako Maren, kaka yako Curtis na mkewe, rafiki yako Nadine, na wanawake wa ukumbi wa chini, ambao mimi sasa ni wa nne wao. Hautapita msimu wa maua ya mbugani bila jina lako kutajwa.

Nanyi akina mama mnaosoma, mliokodisha mashamba yenu, epukeni haya:

Usimwambie anayelima shamba lako "we fanya tu" kabla hujajua anafanya nini na kitamgusa nani mwingine.

Usipokee ujumbe kwenye simu kama hutaufikisha siku ileile.

Usichome nyasi kando ya zao lililopuliziwa dawa, hata likiwa bado na ukijani.

Nanyi mabinti, msitosheke na jibu la mama. Mwulizeni aliyepuliza.

Usinunue amani ya chakula cha mchana kwa uongo, hata mdogo.

Usiwaache watu wamlaumu marehemu kwa kosa lako.

Usiseme ni baridi.