Sahihi Nne za Nyumba ya Baba

Nyumbani kwetu,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

U mzima huko? Mgongo umetulia, au bado unakugomea asubuhi? Wifi na wanangu hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mimi na cherehani yangu tunasukumana, siku zinakwenda.

Karatasi yako yenye sahihi na muhuri ilifika Jumanne. Siku hiyohiyo nikamwambia Mama Mdogo, "Ijumaa vaa vizuri, tunakwenda kusaini mambo ya nyumba ya marehemu Baba." Nikadhani nimemaliza. Kumbe mwenzangu alikaa siku tatu akiyatafuna maneno hayo peke yake.

Ijumaa tulimkuta mlangoni na sanduku. Mdogo wetu, yule fundi bomba, unamjua kwa utani, akasema, "Mama, wakili hana vitanda." Hakucheka.

Tulipoketi mbele ya wakili, hata faili halijafunguliwa, Mama akasema taratibu, "Nionyeshe pa kusaini, mwanangu. Sitaki kugombana na watoto. Nimeshapata chumba kwa rafiki yangu."

Kaka, hebu fikiria. Miaka ishirini na sita ametulea, tangu mdogo wetu hajaota meno ya mbele, naye alidhani tumempeleka kumfukuza! Kosa ni langu. Nguo nazishona vizuri, ila maneno nayaacha bila pindo.

Wakili akasoma kwa sauti. Wenye nyumba ni wanne, jina la kwanza ni la Mama, na haiuzwi wala haipangishwi bila sahihi yake. Mama akamwambia, "Rudia." Akarudia. "Rudia tena." Hapo mdogo wetu akapiga magoti, akamshika mikono. "Mama, ni kwako. Nani atakutoa kwako?"

Alilia mpaka mtandio ukalowa. Kisha akashika kalamu, akaikandamiza hata wakili akasema, "Polepole, Mama, nakala ziko tatu." Nami nikasaini baada yake. Sahihi yangu inafanana na kuku aliyekanyaga wino, usiicheke ukiletewa nakala yako.

Tangu jana tuna mwenye nyumba mkali. Fundi bomba kaamriwa atengeneze bomba la jikoni, ambalo limevuja mwaka mzima yeye akitengeneza ya watu. Chumba chako nacho kimefagiliwa, pazia limefuliwa, na mimi nimekatazwa kuweka vitambaa vyangu humo.

Aliniuliza kwa nini wewe, uliyeanzisha jambo hili, hukumwambia mapema. Nikamjibu uliogopa angekataa. Akajifuta mikono. Kisha akasema, "Mwambie ningekataa kweli. Halafu mwambie aje, nimkumbatie."

Basi njoo, Kaka. Kumbatio halitumwi kwa barua.

Wifi msalimie sana, na wanangu waambie shangazi yao anataka vipimo vyao vipya. Mama na mdogo wetu wanakusalimu. Mungu akutunze, akufungulie njia ya kurudi kwetu salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Fundi Cherehani.