Editha, Uliyegeuza Baiskeli Kumfuata Mwantum

Editha, mwanetu, mwaka umetimia tangu tukulaze katika udongo wa Mvumi. Mama akisikia baiskeli inasimama uani, bado hunyanyua kichwa.

Ulikuwa mpole, lakini ukishaamua jambo, umeamua. Ulipojiunga na timu ya baiskeli ya chuo, baba hakuficha yaliyo moyoni. “Baiskeli ni ya kuchotea maji,” alisema. “Msichana ashindane nayo ili iweje?” Hukubishana naye. Asubuhi ulimwamkia kama kawaida, ukafunga kofia yako ngumu, ukaenda zako.

Kisha yakaja mashindano ya vyuo kule Kongwa. Ulikuwa mbele, umebakiza kilima kimoja tu, ndipo uliposikia kwamba Mwantum, mwenzako wa mwaka wa kwanza kutoka Kondoa, ameishiwa nguvu karibu na Mlali. Uligeuza. Mkatembea pamoja, mnasukuma baiskeli, mkafika watu wanakunja mahema.

Baba alikupigia simu kuuliza umeshika nafasi ya ngapi.

“Ya mwisho, baba. Mimi na Mwantum.”

Baba akasema, “Haya. Kuleni, mpumzike.”

Likizo ile uliugua. Damu ikapungua, hospitali ikahitaji wa kuchangia, na sisi wa nyumbani hatukutosha. Mama alimpigia Mwantum akuombee tu. Kabla ya adhuhuri timu nzima ikaingia getini mwa hospitali, vumbi hadi kwenye kope. Walikuwa wamekuja kwa baiskeli kutoka chuoni Kikuyu, walikobaki kwa mazoezi.

“Shikamoo baba,” alisema Abuu, nahodha wenu. “Tumekuja kumtolea Editha damu.”

Muuguzi aliwataka wapumzike kwanza, wanywe maji. Mwantum hakutaka kukaa. Baba ndiye aliyemletea kiti.

Damu ile ilitupa siku chache zaidi za kuwa nawe. Ulicheka na Loisi, mdogo wako. Ulikunywa uji wa uwele kwa mkono wa mama. Na ulimwambia baba, “Wasiache kuendesha kwa sababu yangu.” Siku iliyofuata Mungu akakuchukua.

Baada ya maziko, wenzako walikuja kwa baba kumwambia wameamua kuivunja timu, hawana tena moyo. Baba aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Editha amekataza,” akaingia ndani ili wasimwone akilia.

Wanaendesha, mwanetu. Baba alikwenda Kongwa mwaka huu, akasimama juani tangu asubuhi, akimpigia makofi kila aliyepita, hata wa vyuo vingine. Wakati wa mavuno walikuja kutusaidia shambani, na jioni mama aliwapikia ugali na mlenda. Nyumba ilikuwa na kelele kama zamani. Tulikukosa sana.

Unakumbukwa na baba yako Sila, mama yako Emiliana, mdogo wako Loisi, bibi yako Hana, na ndugu zako Mwantum, Abuu na timu nzima. Tulikuwa tumewaandika kama marafiki. Baba amefuta neno hilo kwa mkono wake.

Hatujakusahau, Editha, wala hatutakusahau.