Uliita Mara Mbili

Mpendwa dada Achieng',

Huku bado wanasema ulijitupa. Hawasemi nikiwa karibu. Wanangoja nipite, halafu vichwa vinakutana. Wanasema mwanamke aliyemzika mtoto na kuachwa na mume ndani ya mwaka mmoja, akiingia ziwani alfajiri asirudi, hapo hakuna cha kuuliza. Miaka minne nimewaacha waseme. Nilidhani ni mimi peke yangu mwenye neno la kuwanyamazisha, na neno hilo nimelimeza kila siku pamoja na ugali. Leo nalitoa. Ila nianzie mbali kidogo, maana wewe hukupenda hadithi inayokimbia.

Unakumbuka Mama alivyokijenga kile kibanda? Ilikuwa miaka ya themanini, mimi niko darasa la tatu, wewe la saba. Wanawake wa ufukweni walikuwa wakikaanga samaki wa mbuta kutwa nzima juu ya moshi wa kuni, na jioni ni wimbo mmoja tu: mgongo, kifua, mgongo. Mama akasema kwao Pap Onditi bibi yake alikuwa akiwafukiza wanawake waliotoka kujifungua, na yeye ndiye aliyekuwa akitumwa majani. Basi akakanda udongo mwenyewe, akajenga kibanda cha mviringo chenye mlango wa kuingilia kwa magoti, na blanketi zito badala ya ubao. Mawe yalipashwa moto nje, yakaingizwa kwa sepeto, kisha Mama akayamwagia maji yaliyochemshwa na mwarobaini na majani ya mkaratusi. Yale mafusho yalikuwa yanakupanda puani hadi unamsahau aliyekukosea.

Unakaa ndani na leso moja mwilini hadi jasho lidondoke kwenye kiwiko. Unatoka mbio mpaka ziwani, unazama mpaka utosi, unarudi. Mara tatu. Mwisho unapewa uji wa wimbi. Mama hakutaka umbea humo ndani. "Hapa tunatoa taka," alikuwa akisema, "hatuingizi."

Wewe ulilipenda lile joto. Mimi nilikaa karibu na mlango nikiinua ncha ya blanketi kwa kidole nipate hewa, nawe ukaniona. "Atieno, kama unataka baridi si ungebaki nyumbani?" Majini uliingia kwa kelele hadi ndege wakaruka kwenye matete. Mimi niliingia kidole kwa kidole, nikisali.

Halafu ile sheria. Mmoja akiwa majini, mwingine akae ukingoni. Na wa ukingoni akiitwa kutoka ziwani, naye hamwoni anayemwita, anyamaze. Akiitwa ya pili, anyamaze. Ya tatu ndiyo aitike. Mama alisema kile kinachokaa ziwani hakina subira ya kuita mara tatu, na ukikiitikia mapema kinakuchukua wewe. Ulimuuliza, "Na kanisani uko kwaya, Mama?" Akakujibu bila kuinua macho kutoka kwenye mawe yake, "Hata Samweli hakuitwa mara moja. Nenda ukachote maji."

Tulicheka, lakini tuliishika. Watoto wote wa ufuo ule waliishika, tena tukaifanya mchezo. Ulikuwa unajificha nyuma ya matete, unaniita kwa sauti ya kukwaruza, nami mjinga naitika hapohapo. Unatokea, unanipiga kikofi cha kichwa. "Umeshaliwa." Siku baada ya siku, umeshaliwa, umeshaliwa, hadi nikajifunza kukaza mdomo. Ni wewe uliyenifundisha, dada. Nikikasirika sana huwa nakulaumu kwa hilo, halafu naona aibu.

Ukaolewa Awasi. Ukapata mtoto, ukamzika kabla hajatambaa, na mumeo akaanza kukutazama kama mgeni aliyekaa sana. Ukarudi mjini Kisumu, ukapanga chumba Migosi. Mama alipokuona jinsi ulivyokonda hakukupa pole nyingi. Alisema tu, "Jumamosi njoo kabla jua halijatoka. Nitapasha mawe."

Ukaja Jumamosi ya kwanza, ya pili. Uliniambia kuwa mle ndani mtu anaweza kulia akashiba, kwa sababu kila uso umelowa na hakuna wa kuuliza. Jumamosi ya nne au ya tano ukanifinya mkono. "Jana nimelala mpaka jogoo. Na nimeamka na njaa." Ukala samaki wawili wakubwa wa ngege peke yako, ukalamba na vidole. Ulikuwa umepata kazi ya kufundisha nasari, unaanza Januari. Ulinunua kitambaa cha gauni, cha kijani, ukanionyesha mara tatu kama vile sikukiona mara ya kwanza. Nayaandika haya kwa ajili ya wale wanaosema walijua.

Mwaka ule magugu maji yalikuwa yameshakuja. Siku upepo ukipenda, ufuo uko wazi. Siku usipopenda, unaamka unakuta ziwa limekuwa shamba la kijani na maua yake ya zambarau. Wavuvi walikata njia ya kupitishia mitumbwi, nasi tukawa tunaogea humo humo.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Tulikuwa watatu ndani, Mama, wewe na mimi. Ulipotoka mara ya tatu nilikufuata nikakae ukingoni, Mama akabaki kumalizia mawe. Uliingia ukilalamika kwamba maji yanauma meno. Niligeuka kuokota leso yako kavu iliyoangushwa na upepo. Niliporudisha macho, njia haikuwapo. Magugu yalikuwa yamesogea yakakutana, kimya kabisa, na wewe huonekani.

"Atieno."

Ilikuwa sauti yako, ila ya chini, na imekwaruza. Nikakaza mdomo. Nikahesabu moja.

"Atieno, we."

Mbili. Nilitabasamu, dada. Hilo ndilo linaloniua. Nilidhani umerudia mchezo wetu, nikajiambia safari hii hanipati. Nilisimama na jibu langu tayari ulimini, nangoja ya tatu.

Haikuja. Sijui nilingoja muda gani. Nilipoanza kupiga mayowe, wavuvi walikuja na mtumbwi na mapanga, wakakata magugu hadi saa nne, wakakutoa. Wengine walisema ni mkazo wa misuli, umetoka kwenye joto kali ukaingia baridi. Mama alisimama mbele ya watu wote akaniuliza, "Alikuita?"

Nikasema, "Hakuita."

Alinitazama sana, akageuka. Na kutokana na neno langu hilo moja, watu wakapika mengine. Anayezama bila kupenda huita, walisema. Aliyenyamaza alitaka. Siku ya mazishi mchungaji aliomba kwa haraka kama mtu anayewahi mvua. Wanakwaya walikaa na mikono mapajani, hawakukuimbia. Nilikuwa nimesimama pale, ningeweza kusema. Lakini ningesema nini? Kwamba uliniita, nami nikatabasamu?

Tangu hapo unaniita. Nikifunua sufuria mvuke ukanipiga usoni, unaniita. Asubuhi za ukungu nikifungua dirisha, unaniita, na ni mara mbili tu, haizidi. Mimi siku hizi naitika mapema. Naitika nyumba ikiwa tupu. Juzi sokoni Kisumu mtu alimwita Atieno wake, nikaitika kwa sauti kubwa hadi wauza nyanya wakacheka. Mume wangu aliacha kuuliza zamani.

Wiki iliyopita Mama alishikwa na kifua. Kibanda kilibomolewa na mvua, hakukikarabati, kwa hiyo nikamfukiza ndani ya nyumba, sufuria chini, blanketi moja juu yetu sote wawili. Giza, joto, maji yanatiririka usoni. Nikakumbuka ulivyosema kuhusu kulia mle ndani. Nikasema, "Mama, siku ile Achieng' aliniita."

Alijifuta uso kwa ncha ya leso.

"Mara mbili," akasema.

Mimi sikuwa nimetaja hesabu.

"Nilikuwa ndani, blanketi la mlango nimeliinua nitoe jiwe. Nilimsikia vizuri. Na mimi nikangoja ya tatu."

Nililitupa blanketi pembeni. Nilimkasirikia, dada, sitakuficha. Nilimuuliza kwa nini basi aliniuliza mbele za watu. Alikuwa amekaa pale na leso yake, mdogo kabisa, mvuke ukimtoka mabegani. "Nilitaka useme hakuita," akasema, "ili niamini masikio yangu yamenidanganya. Uliposema, nikajua unadanganya. Nikakuacha." Miaka minne tumekula meza moja, mimi nikimwonea huruma kwa kutojua, naye akijua kwamba namdanganya.

Tulilia hadi maji ya sufuria yakapoa. Halafu Mama akasema niandike barua hii, na nisiibandike bahasha. Jumapili hii nitaisoma kanisani baada ya matangazo, naye atasimama kando yangu hata kama kifua hakijapona. Nimemuuliza mara kadhaa kama ana hakika. Ananijibu nimalize kuandika.

Basi wasikie. Hukujitupa, Achieng'. Ulikuwa umeanza kulala, ulikuwa na njaa, ulikuwa na gauni la kushonesha. Maji yalipokuzidi uliwaita watu wako, na watu wako walikusikia. Tulikuwa wawili, hatua chache tu kutoka ulipokuwa, na sote tulinyamaza.

Pumzika, dada. Aibu hii haikuwa yako, sasa tunaibeba wenyewe.

Ni mimi, mdogo wako.